Je, Muuzaji Akilipwa Amemaliza?

Ipo kanuni ya kale ya soko ambayo wengi wetu tumekua nayo bila kuihoji: muuzaji akishatoa kitu, na mnunuzi akishatoa fedha, kila mmoja ana haki ya kwenda zake. Mhunzi akikuuzia jembe, hakufuati shambani. Mpini ukivunjika, utachonga mwingine. Makali yakiisha, utalinoa. Na siku jembe lenyewe likilika lote, utamrudia mhunzi kununua jingine, wala hutamrudia kumdai. Kanuni hii ina uzuri wake. Muuzaji hulala usingizi, na mnunuzi huwa mwenye mali yake kwelikweli, asiyehitaji kumngoja mtu amkumbuke.

Katika insha hii nataka kuuliza kama kanuni hiyo yatosha kwa chombo ambacho leo watu wazima wengi wanacho mfukoni, yaani simu janja. Swali lenyewe laweza kuonekana dogo, la mafundi na vijana wa madukani. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili, tena la zamani sana: mtu anayejua hatari anadaiwa nini na mtu asiyeijua?

Hebu tuanze na chombo chenyewe. Simu janja ni vitu viwili ndani ya ganda moja. Cha kwanza ni kile unachokishika: kioo, betri, kamera na vipande vya ndani. Cha pili hakishikiki. Ni programu, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watu, mamilioni ya mistari, yanayoiambia simu ifanye nini kila unapoigusa. Programu kuu inayozitawala nyingine huitwa mfumo endeshi. Katika simu nyingi za kwetu mfumo huo ni Android, ambao msingi wake hutolewa na kampuni ya Google. Katika simu za Apple ni iOS.

Kila aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi anajua kwamba maandishi marefu hayakosi kosa. Kosa katika insha humpotezea mwanafunzi maksi. Kosa katika mfumo endeshi laweza kuwa ufa ukutani: mtu aliye mbali akiugundua, huweza kupenya akaingia ndani ya simu, na mwenye simu asisikie hata komeo likitikisika. Mwezi Julai 2015 wataalamu walitangaza ufa wa namna hiyo katika Android, wakauita Stagefright. Ilitosha mdukuzi ajue namba yako ya simu, akutumie ujumbe wa video uliotengenezwa kwa hila. Katika hali fulani hukuhitaji hata kuufungua. Ilikadiriwa kuwa simu zipatazo milioni 950 duniani zilikuwa na ufa huo.

Dawa ya ufa wa namna hii ni sasisho. Walioandika programu husahihisha mistari yenye kosa, kisha huisambaza kupitia intaneti, na simu hujiziba yenyewe. Mafundi hukiita kiraka, na jina hilo limekaa vizuri. Baada ya mshtuko wa 2015, Google ilianza kutoa viraka vya usalama vya Android kila mwezi. Ukifungua mipangilio ya simu yako, mahali panapoeleza habari za simu, utaikuta tarehe ya kiraka cha mwisho ilichopokea. Ni tarehe ambayo watu wachache huitazama, ilhali yasema mengi kuhusu simu hiyo kuliko rangi yake.

Hapa ndipo jembe na simu zinapoachana. Jembe huchakaa mbele ya macho yako, na sababu ya kuchakaa kwake ni kazi yako mwenyewe. Ukiliweka darini miaka 5 bila kulitumia, utalikuta vilevile, pengine na kutu kidogo. Simu huchakaa kwa namna nyingine kabisa. Unaweza kuinunua, ukaifunga kwa kitambaa, ukaiweka kabatini bila kuigusa, na baada ya miaka 5 kioo chake kikawa kinang'aa kama siku ya kwanza, lakini usalama wake ukawa umekwisha. Haikudhoofishwa na matumizi. Imedhoofishwa na maarifa ya watu wengine, ambao katika miaka hiyo walizidi kuzijua nyufa zake. Hakuna nundu, mlio wala harufu ya kumwambia mwenye simu kwamba jambo hilo limetokea. Macho yake hayamsaidii, na uzoefu wake wa kununua majembe, baiskeli na redio haumsaidii.

Maarifa hayo hukimbizana pande zote mbili. Mwezi Agosti 2016, mtetezi wa haki za binadamu wa Umoja wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea ujumbe kwenye iPhone yake ukimwahidi siri za mateso ya wafungwa, endapo angebonyeza kiungo. Hakubonyeza. Aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab mjini Toronto, nao wakagundua kuwa kiungo kile kingeingiza katika simu yake programu ya upelelezi, kwa kutumia nyufa 3 ambazo Apple ilikuwa haizijui. Apple ilipewa habari, na tarehe 25 Agosti, wiki mbili hivi tangu ujumbe ule ufike, ikatoa kiraka kwa kila mwenye simu iliyokuwa bado inahudumiwa. Busara ya mtu mmoja iliwaokoa watu wengi asiowajua. Lakini angalia maneno yale, "iliyokuwa bado inahudumiwa." Aliyekuwa na simu iliyokwisha kuachwa hakupata fungu katika wokovu huo. Tena tangu siku ile hali yake ilikuwa mbaya kuliko kabla, maana kiraka kinapotangazwa, na ufa umetangazwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtengenezaji aliyepokea fedha zake na baadaye akajua kwamba kufuli alilouza linafunguka kwa msumari, je, anadaiwa jambo?

Walimu wenzangu wa zamani watakumbuka vile vikaratasi vidogo vilivyobandikwa ndani ya baadhi ya vitabu vya kiada, vyenye kichwa "Masahihisho". Mchapishaji amekwisha kuuza vitabu na fedha amepokea. Kisha inagundulika kwamba jibu la hesabu katika ukurasa fulani ni kosa. Angeweza kunyamaza, akangoja toleo jipya, akauza tena. Mchapishaji mwenye haya alituma kikaratasi. Kwa nini tunaona alitenda haki, wala hatuoni kuwa alitoa sadaka? Kwa sababu mtoto anayejifunza kutoka katika kitabu kile hana njia ya kujua kwamba kitabu kimekosea. Amekiamini kwa kuwa amefundishwa kukiamini. Aliyemfundisha mtu kumwamini amejifunga naye, na fungo hilo halifunguki kwa risiti.

Naona hoja hiyo inaishika simu kwa nguvu zaidi. Mtengenezaji ndiye anayetualika tuweke fedha zetu katika simu, na picha za watoto wetu, na barua zetu, na namba zetu za siri. Yeye ndiye anayejua nyufa zilipo, na mara nyingi ni yeye peke yake anayeweza kuziba, kwa kuwa programu imefungwa na funguo anazo yeye. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hubadilisha kioo na betri. Kiraka cha usalama hawezi kukitunga. Mhunzi alipokuuzia jembe alikuachia na uwezo wa kulitunza. Mtengenezaji wa simu amekuuzia chombo na kubaki na uwezo wa kukitunza mikononi mwake. Aliyeuza kitu akaubakiza ufunguo hawezi kusema kwamba ameuza na amemaliza.

Hata hivyo haki inataka tusikilize upande wa pili. Watengenezaji husema kwamba kazi hii ina gharama, na ni kweli. Kiraka cha Android hakitoki Google na kutua moja kwa moja katika kila simu. Kampuni zinazotengeneza moyo wa simu, kama Qualcomm na MediaTek, zina sehemu yao ya programu. Mwenye nembo iliyoandikwa mgongoni mwa simu ana yake, naye lazima akijaribu kiraka kwa kila aina ya simu aliyopata kuuza. Na katika nchi nyingine kampuni ya mtandao nayo hutaka kukikagua. Mmoja akichoka katika mnyororo huo, kiraka hukwama. Aliyeuza simu kwa faida ndogo atauliza: nitawalipa wahandisi mpaka lini kwa ajili ya simu niliyoiuza mara moja?

Swali la "mpaka lini" ni halali, na mimi sidai milele. Hata mzazi hambebi mwana mgongoni maisha yote. Ninachodai ni jambo dogo zaidi, tena la kale zaidi: ahadi yenye mwisho unaojulikana kabla ya fedha kutoka. Paketi ya dawa ina tarehe ya kwisha muda wake. Hatumlaumu mtengenezaji wa dawa kwa kuwa dawa yake huharibika, kwani kila kitu huharibika. Tungemlaumu kama angeijua tarehe akatuficha. Simu nayo ina tarehe ya namna hiyo, na mara nyingi mtengenezaji anaijua. Lakini katika maduka ninayoyajua mimi, kasha lina idadi ya kamera, ukubwa wa kumbukumbu na nguvu ya betri, na tarehe hiyo haimo.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto ya mzee. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji atangaze muda wa chini kabisa atakaotoa masasisho ya usalama kwa kifaa anachouza. Sheria hiyo haikumpangia ni miaka mingapi, imemtaka aseme. Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi: tangu tarehe 20 Juni 2025, kanuni zake zinataka masasisho ya mfumo wa simu janja mpya yaendelee kupatikana kwa muda usiopungua miaka 5, ikihesabiwa tangu siku simu ya aina hiyo inapoacha kuingizwa sokoni. Nao watengenezaji wakubwa wameonyesha kuwa wakitaka huweza. Google ilipotoa Pixel 8 mwezi Oktoba 2023 iliahidi miaka 7 ya masasisho, na Samsung ikafuata mwezi Januari 2024 kwa Galaxy S24. Apple ilitoa iPhone 5s mwaka 2013, na mwezi Januari 2023 ilikuwa bado imeitumia kiraka cha usalama.

Msomaji ataona neno moja linalonikera katika orodha hiyo. Simu zilizotajwa ni za bei kubwa. Simu ambazo mwalimu wa shule ya msingi, mama ntilie au dereva wa bodaboda hununua, aghalabu ndizo zenye ahadi fupi kuliko zote, na nyingine hazina ahadi kabisa. Tena ndio hao ambao simu moja kwao ni benki, ni ofisi na ni daftari la madeni. Tajiri akiibiwa kwa njia ya simu ana akaunti nyingine, ana mwanasheria, ana simu ya pili. Mnyonge akiibiwa ameibiwa mtaji. Kwa hiyo ulinzi mrefu unakwenda kwa mwenye uwezo wa kuvumilia hasara, na mfupi kwa asiyeweza. Ningependa wale wanaosema kwamba soko hujirekebisha lenyewe watufafanulie hapo.

Wasomaji wa Tanzania watakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini kote. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo watu walikuwa wakibonyeza *#06# ili kujua namba ya utambulisho wa simu zao. Shabaha ya zoezi lile ilieleweka: kitu bandia kisichukue mahali pa kitu halisi. Nami najiuliza: simu halisi, iliyotoka kiwandani kwa njia za halali, ambayo mtengenezaji wake aliacha kuilinda miezi 6 baada ya wewe kuinunua, tuiite nini? Bandia siyo. Namba yake itakubalika. Lakini usalama uliodhani umeununua pamoja nayo haupo. Tumezoea kuuliza kama kitu ni halisi siku ya kukinunua. Simu inatulazimisha tuulize kama kitaendelea kuwa halisi.

Hapo ndipo mnunuzi naye anapoingia katika hesabu ya maadili, kwa kuwa si haki kumtwisha mtengenezaji lawama zote. Kwetu mtu akinunua kiwanja chenye hati ya miaka 33, hatosheki kuambiwa "kina hati". Huuliza hati ilianza lini, maana kama imekwisha kula miaka 30, amebakiwa na 3. Simu huhesabiwa vivyo hivyo. Kwa kawaida ahadi ya mtengenezaji huanza siku aina hiyo ya simu ilipotolewa duniani, wala haingoji siku wewe ulipofika dukani. Simu ya ahadi ya miaka 4 iliyotolewa miaka 3 iliyopita ina mwaka 1 tu, hata kama kasha lake halijapata kufunguliwa. Na wanaonunua simu za mtumba, ambao ni wengi na wana sababu zao, wanahitaji hesabu hii kuliko watu wote.

Nilipata kuiona hesabu hii ikifanywa na mtu ambaye hakusoma ufundi wowote. Kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, ambacho mimi ni mlezi wake, kilimwagiza mweka hazina wake anunue simu ya kikundi. Humo yangekaa majina ya wanachama, picha za vitambulisho vyao, hesabu za mikopo na akaunti ya fedha. Nikamsindikiza. Kijana wa duka akaweka mbili mezani, bei zake zikikaribiana. Moja ilikuwa kubwa, ya kung'aa, yenye kamera ambayo kijana aliisifu akisema, "Mama, kamera ya hii ni hatari!" Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, kamera ya kawaida, lakini mtengenezaji wake alikuwa ametangaza masasisho ya usalama kwa miaka 4, na ilikuwa imetolewa mwaka uleule.

"Hii kubwa italindwa mpaka mwaka gani?" mama yule akamwuliza.

Kijana akacheka kwa adabu. "Mama, hilo sijawahi kuulizwa hapa dukani."

Mweka hazina akazipima mkononi, moja baada ya nyingine, na nikamwona jinsi ile kubwa ilivyompendeza. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, ingekuwa yangu ningechukua hii ya kamera. Lakini si yangu."

Akalipia ndogo, akadai risiti yenye jina la kikundi, tukaondoka.

Nimeyafikiri mara nyingi maneno yake yale, "si yangu". Alikuwa anasema juu ya fedha za kikundi. Lakini nadhani yanamhusu kila mwenye simu. Fungua simu yako uhesabu kilichomo: namba za ndugu na marafiki, maneno waliyokuandikia kwa siri, picha ya mgonjwa uliyotumiwa, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Vingapi kati ya hivyo ni vyako? Vingi ni amana. Wenyewe hawakukuuliza kama simu yako ina kiraka, bali walikuamini. Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi sina siri, waache wanidukue," anagawa mali ambayo si yake. Deni lile la mtengenezaji kwake, la anayejua kwa asiyejua, naye analo kwa watu walio ndani ya simu yake.

Ipo sababu nyingine. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika kompyuta za nchi zipatazo 150 kwa siku chache, ikifunga mafaili na kudai fidia. Katika England iliathiri taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa, na ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivurugika. Kiraka cha ufa ule kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi hazikuwa zimekipokea, na kila moja iliyoshikwa iliitafuta nyingine ya kuambukiza. Simu na kompyuta zetu zimepangana kama nyumba za makuti: mwenye kuacha moto jikoni kwake hachomi chake peke yake. Lakini nisiache kusema na hili. Katika msiba uleule Microsoft ilitoa kiraka cha bure hata kwa Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeacha kuuhudumia kwa umma tangu Aprili 2014. Muda wa ahadi ulikuwa umekwisha, na bado waliona kwamba kunyamaza kusingefaa. Ndivyo dhamiri inavyotenda kazi pale mkataba unapofika mwisho.

Kwa hiyo simu inapokuambia kuwa kuna sasisho, nawe ukabonyeza "baadaye" leo, kesho na kesho kutwa, tambua kwamba unaahirisha na ulinzi wa wengine. Najua kwamba sasisho hula bando, pengine mamia ya megabaiti, na kwamba kwa mwenye kipato kidogo bando ni unga wa jioni. Simhukumu mtu huyo. Nasema tu kwamba yule ambaye anamaliza bando lake kwa video za vichekesho hana udhuru huo.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba masasisho ni kinga ya kila kitu. Wizi mwingi wa simu huku kwetu haupiti katika ufa wa programu. Hupita sikioni: mtu hupiga simu akajifanya wakala, au mtoa huduma, au mwanao aliyepata ajali, naye mwenye simu humtajia namba ya siri kwa kinywa chake. Hakuna kiraka cha tatizo hilo ila elimu. Pia si kweli kwamba simu iliyoachwa na mtengenezaji hugeuka nyoka siku hiyohiyo. Programu nyingi ndani yake huendelea kupata masasisho zenyewe, na tangu Android 10, iliyotoka mwaka 2019, baadhi ya sehemu za mfumo endeshi nazo hupata viraka moja kwa moja kutoka Google. Hatari huongezeka pole pole, kama ukuta unaolowa kwa ndani.

Basi asiye na uwezo wa kununua simu nyingine afanyeje? Naona busara ni kuipunguzia simu hiyo majukumu. Iwe redio, iwe tochi, ipige na kupokea, imsomee mtoto hadithi. Programu ya benki na hesabu za watu zitolewe humo. Nasi wastaafu tunaujua utaratibu huo: mtu hapewi tena kengele ya shule, lakini bado anaweza kuketi barazani akamfundisha jirani kusoma.

Nikirudi kwenye kanuni ya soko niliyoanza nayo, sidhani kwamba imekufa. Kwa jembe bado ni haki. Kwa chombo ambacho muuzaji amebaki na ufunguo wake, na ambacho hudhoofika bila mnunuzi kuona, kanuni hiyo haitoshi. Hapo aliyelipwa anadaiwa mambo mawili: kusema mapema ulinzi wake utakoma lini, na kuulinda muda wote alioutaja. Sisi nasi tunadaiwa kuuliza. Kijana yule wa duka hakuwa mwongo wala mzembe. Alikuwa hajapata kuulizwa. Wakifika dukani kwake wanunuzi 10 kwa siku, kila mmoja akauliza "italindwa mpaka mwaka gani?", atamwuliza aliyemletea mzigo, naye atamwuliza aliyeko juu yake, na swali litapanda hadi kiwandani. Wenzetu wa Ulaya wamelipandisha kwa sheria. Sisi tunaweza kuanza kulipandisha kwa midomo yetu, leo, bila kungoja.